Uweso Ashika Pembe ya Shuka

Uweso, fundi cherehani wa mtaa wa Usagara, alikuwa mtu wa heshima zake. Enzi zile za Mwingereza makarani wengi wa mjini walivaa mashati aliyoyashona yeye, na akipita njiani utadhani mji wote kaushona peke yake. Lakini kwa mkewe Mwanasiti alikuwa hajiwezi, na mwezi ule Mwanasiti hakuwa na raha.

Sababu ilikuwa shuka. Kila bamvua, maji yakitoka mbali, Mwanasiti na jirani yake Semeni walikuwa wakishuka pwani ya Sahare kutanda uduvi, wale kamba wadogo wadogo. Huingia watu wawili, maji ya magoti, kila mmoja kashika pembe mbili za shuka kuukuu. Hulizamisha, wakangoja, kisha wakainua kwa pamoja. Semeni hakumwita Mwanasiti kwa jina kabisa, alimwita mwenzangu. Sasa Semeni kamfuata mumewe Pemba, na mtu hatandi peke yake. Shuka likabaki kwenye kamba, kavu. Uweso akanunua changu sokoni, akanunua hata nguru. Mwanasiti akashukuru, akala kidogo. Wapi! Haikuwa njaa ile.

Bamvua jingine lilipofika, Uweso akafunga duka akamwambia mkewe watoke. Mwanasiti akamkumbusha kwamba kutanda ni kazi ya wanawake, na barazani kwa Miraji, wanakokaa wanaume, watamcheka mpaka Idi. Hilo Uweso alilijua. Akalikunja shuka likawa dogo kabisa, akalificha ndani ya koti, wakaenda. Hata hivyo Miraji aliliona, akamuuliza kama leo bahari inapimwa kanzu.

Majini fundi akaharibu. Mkono wake ukishika kitambaa haujui ila kukivuta kinyooke. Akalivuta shuka likawa kama ngozi ya ngoma, na walipoinua, uduvi wakamwagika pembeni wakaenda zao. Mara ya pili vilevile. Mwanasiti akamtazama bwana yule na kofia yake ya kufuma, anakagua shuka majini lisiwe na kunyanzi, akaangua kicheko mpaka akakaa chini majini. Kicheko kile Uweso alikuwa hajakisikia tangu Semeni aondoke. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Legeza, bwana," Mwanasiti akasema, akamshika mikono. "Liache lifanye tumbo."

Akalegeza. Walipoinua, uduvi walikuwa wamejaa katikati, wanarukaruka. Wakatanda mpaka kikapu kikawa kizito na maji yakaanza kurudi. Uweso akalikamua shuka, akalificha tena ndani ya koti.

Barazani Miraji alikuwa akiwangoja. Akamuuliza Mwanasiti, kwa sauti ya kusikika na wote, leo kaenda kutanda na shoga yupi. Mwanasiti hakusimama hata.

"Na mwenzangu huyu," akajibu.

Uweso akalitoa shuka ndani ya koti, bichi, lanuka chumvi, akalitupia begani mbele ya macho yao. Akalibeba hivyo mpaka nyumbani.