Panya Wangu na Panya wa Baba

Baba aliposikia kazi niliyopata Nairobi, kutunza panya wa maabara, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Lo! Nimekusomesha kwa mpunga uliosazwa na panya, leo unaenda kuwapikia?"

Chai ilimwagika pia kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Daktari wa Hola alituambia ni Parkinson: seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kutembea, zinakufa. Basi miguu ya Baba ikawa inaganda mlangoni. Mzee aliyevuka mto kwa mtumbwi tangu utotoni, sasa kizingiti kinamshinda! Naye alitaka jambo moja tu, kufika shambani kwake kando ya mto bila kushikwa mkono. "Naongozwa kama bibi harusi," alikuwa akifoka.

Panya wangu wa maabara walikuwa na ugonjwa wa Baba, ila wa kutengenezwa. Walidungwa sumu upande mmoja wa ubongo, dopamini ikapungua upande huo, wakabaki kuzunguka palepale. Lakini walioongezewa vimeng'enya vya kinga, vile vinavyozima taka kali zinazounguza seli, waliharibika kidogo tu. Krismasi nikaipeleka habari hiyo nyumbani Garsen, kifua mbele.

"Hivyo vimeng'enya mliwapa kabla ya sumu au baada?" Baba akauliza.

"Kabla," nikasema.

"Aa. Basi mimi nimechelewa." Akaomba chai nyingine. Nilitaka kulia, nikaona haya, nikawatukana panya wote moyoni.

Kesho yake asubuhi aliganda mlangoni tena, Mama akimsukuma kiunoni na kumwita trekta lililokwama topeni. Mara panya akachomoka kwenye gunia la mpunga, akampita katikati ya miguu. Mungu wangu! Baba aliruka kizingiti, akamfukuza uani, fimbo juu, akiporomosha matusi ya Kipokomo ambayo sikujua mtu wa kanisa anayajua. Alikwenda kwa hatua nzimanzima mpaka kwenye migomba. Panya akapotea, na Baba akaganda palepale, fimbo bado iko hewani.

Tulimkimbilia. Nikaanza kueleza kwamba mtu aliyeganda akipata kitu cha kufuata kwa macho, ubongo wakati mwingine hupitia njia nyingine, na kwamba huko si kupona.

"Nyamaza wewe," akasema, anahema, anacheka. "Nimetembea."

Jioni Mama alirudi kutoka sokoni na sumu ya panya, maana gunia lilikuwa limetobolewa vibaya. Baba akampokonya kwa ule mkono unaotetemeka, akamwambia asithubutu.

"Na mpunga je, mzee?" Mama akang'aka. "Watoto wako watakula nini?"

"Waache panya waule huo mpunga. Panya mmoja amenifikisha kwenye migomba tu. Mpaka mtoni nitahitaji ukoo mzima."