Unyevu wa Kidole Kimoja

Diploma yangu ya kilimo niliilipia mwenyewe, kwa kuuza machungwa Segera, kwa hiyo niliporudi Kwedizinga sikuona haya kujisifu. Mvua ya kwanza ya masika ilipokatika, majirani wote walishika majembe. Dada yangu mkubwa naye akatoa debe lake la mbegu ya mahindi, alilokuwa nalo hilo hilo tu.

"Subiri kwanza, dada," nikamwambia. Nikachimba shimo shambani kwake, kama nilivyofundishwa chuoni. Juu udongo ulikuwa umelowa kina cha kidole kimoja, chini vumbi tupu. Mbegu ingeota, halafu mizizi ikose maji.

"Kumbe huko chuoni mlikuwa mnasomea mashimo," akacheka, lakini debe akalirudisha ndani.

Mahindi ya majirani yakaota, yakapendeza. Wiki nzima dada aliitikia shikamoo zangu kwa mguno. Kisha jua likawaka, yakajikunja na kukauka. Nilikuwa sahihi, na nilimwambia kila mtu.

Tangu hapo dada akawa ananiuliza kila asubuhi, "Haya mtaalamu, leo je?" Nilichimba mpaka mikono ikachoka, na chini palikuwa na vumbi lilelile. Mawingu hayakuwa na habari na diploma yangu.

Masika yakaisha hivyo hivyo. Siku unga ulipomwishia, dada alilitoa lile debe. Hakunilaumu. Nikajitwisha mbegu niliyoiokoa, tukaipeleka mashineni kusaga.