Jani la Sale

Nimesafiri kwa basi kutoka Tunduma hadi Sanya Juu, na kilichonipokea ni uzio wa mimea ya sale wa nyumbani kwetu, uliolowa mvua. Harufu ya majani yale mabichi ilinisimamisha.

Kwetu Uchaggani, anayekuja na jani la sale kuomba msamaha hakataliwi. Siku moja, tukiwa wadogo, kaka yangu alimwaga mtungi wa mbege, pombe ya ndizi ya baba. Mama akalifunga jani fundo, akampa. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango.

“Baba, nisamehe.”

Baba, aliyekuwa amelewa tayari, alilichukua akalitupa motoni. Lililia kama kitu hai kabla ya kuungua.

“Baba watoto, hata sale?” mama aliuliza.

Baba akavua mkanda. Kaka alichapwa bila kulia, macho yake yakiwa motoni. Macho yale yalinitisha kuliko mkanda.

Kaka alipokuwa kijana, askari walimfunga pingu palepale uani kwa kupora pikipiki. Mama alikuja mbio na sale, ili kaka ampelekee aliyeporwa.

“Hilo la kuwashia moto tu, mama,” kaka alisema.

Jioni ile niliondoka nyumbani, nisirudi hadi leo. Nilimwacha mama bado amesimama uani na jani lake, hana wa kumpa.