Njaa Niliyoiita Vidonda vya Tumbo

Naitwa Bhoke. Ni mpishi katika hoteli ndogo ya wageni karibu na geti la Ikoma la kuingilia mbugani. Kabla ya kuumwa nilikuwa mlaji hasa. Mume wangu, Baba Chacha, aliwaambia watoto wapakue kabla yangu, maana nikitangulia watakuta sufuria tupu. Nilikuwa nacheka, naongeza ugali.

Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi. Kisha moyo ukawa unadunda mpaka nausikia masikioni, hata nikiwa nimekaa tu nachambua mchele. Kwingine kote mwili ulinyamaza. Sikusikia njaa wala kiu. Hata mkojo nilikuwa sijui kama umenibana mpaka kibofu kianze kuuma. Nilipika pilau ya wageni, nikaonja chumvi, nikatema, na siku ikaisha sijala. Sketi zikaanza kunivuka.

Nilipimwa malaria, hakuna. Taifodi, hakuna. Muuzaji wa duka la dawa akasema ni vidonda vya tumbo, nikameza dawa zake miezi mizima bila nafuu. Mama mkwe akamwambia mwanawe, "Mura, kijana wangu, huyu karogwa. Mtafute aliyemroga." Mimi nilishafika mahali naona heri nife. Siku moja tukipalilia shamba letu Nyambureti nikamwambia hivyo Baba Chacha. Aliweka jembe chini.

"Kesho twende Mugumu hospitali," akasema.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, hii ni sonona, na inatibika," akasema. "Ugonjwa huu unavuruga hata namna unavyousikia mwili wako. Dawa itachukua wiki kadhaa, na mwanzoni itakusumbua. Usiiache bila kuniambia."

Ilinisumbua kweli. Mdomo ulikauka, choo kikawa kigumu kama cha mbuzi, nikawa nasinzia jikoni. Lakini usingizi wa usiku ulirudi, na moyo ukapungua kelele masikioni. Nikaanza kuamini kwamba nitapona.

Halafu asubuhi moja tumbo likaanza kukwangua. Likavuta, likanguruma, mikono ikatetemeka. Kesho yake likarudia vilevile. Nikasema basi, dawa imenitoboa, vidonda vimerudi. Nilivifunga vidonge kwenye kitambaa, nikamwambia Baba Chacha naenda kuvitupa chooni. Nilikuwa nimechoka kumeza vitu.

"Daktari alisema umwambie kwanza," akanijibu. "Twende umwambie. Ukirudi utatupa, choo hakihami."

Nilikwenda nimenuna. Daktari akaniminya tumbo kila upande.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Linaanza kukwangua saa ngapi?"

"Kama saa nne asubuhi."

"Leo umekula nini?"

"Sijala."

"Na jana?"

"Chai."

Akavuta kiti, akakaa. "Mama, una njaa."

Nilimkodolea macho. Mimi, mpishi, nalisha watu kutwa, leo naambiwa sijui njaa! Nikafungua mdomo nibishe, tumbo likanguruma, tukasikia wote watatu. Baba Chacha akaangua kicheko. Mimi nililia. Sikuwa nimekumbuka kwamba njaa iko hivyo.

Tulikula kwa mama ntilie nje ya hospitali, ugali na dagaa. Tonge la kwanza nililisikia linashuka na joto lake mpaka likatua. Kukwangua kukaisha. Nilifurahi mno, nikaomba ugali mwingine.

Vidonge sikuvitupa, na mpaka leo nameza. Zipo siku nzito, lakini sasa sitamani tena kufa. Wewe uliyeanza dawa, ukisikia jambo geni mwilini, usijitibu na usiache ghafla. Nenda ukaseme. Huenda dawa inakudhuru kweli, wataibadilisha. Huenda pia ni mwili wako umeanza kuongea, na wewe umesahau sauti yake.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari. Na Baba Chacha namshukuru, ingawa jana nimemsikia tena akiwaambia watoto wapakue kabla yangu.