Kizunguzungu cha Mwalimu

Mimi nina sauti. Sijisifu, maana hata mume wangu huilalamikia. Nikiita mtoto kutoka mlango wa ofisi ya walimu, hugeuka mpaka watu wanaochimba muhogo ng'ambo ya barabara ya Ole. Kwa hiyo skuli yetu ilipoamua kufanya siku ya michezo ya watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao, na mimi nikakabidhiwa shughuli nzima, nilijua sauti hii itafanya kazi gani. Itamkimbiza mtoto asiyeona.

Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tano, msichana mwembamba, mdomo haumtulii. Haoni tangu kuzaliwa. Tulimfundisha hivi: mimi nasimama mwisho wa uwanja, kwenye mstari wa chokaa, naita "njoo, njoo, njoo" bila kupumzika, naye anaifuata sauti. Mita hamsini. Siku za mwanzo alitembea huku kanyoosha mikono mbele. Wiki ya tatu akawa anakimbia hasa, na akinifikia hujibwaga kifuani kwangu kwa kicheko.

Shida ilikuwa mama yake. Nilikwenda kwao mara mbili, nikakaribishwa, nikapewa chai na mkate wa kumimina, nikaambiwa hapana kwa adabu zote. Mara ya tatu akaniuliza, "Na akianguka mbele za watu, wakamcheka?"

"Hataanguka. Mimi ndiye nitakayemwita."

"Hutamwacha katikati?"

"Ah, bibie! Nimwache niende wapi?" Nilimjibu kwa ukali kidogo, maana sipendi kuulizwa jambo mara mbili.

Akanijazia tena kikombe. "Basi na mimi nitakuja nimwone," akasema. Tangu mwanawe aanze darasa la kwanza, hakuwahi kukanyaga skuli kwetu.

Sasa, kwetu shughuli haiwi shughuli bila mgeni rasmi. Mwaka uliopita mgeni alifika akasimama peke yake kando ya gari lake, anatafuta wa kumpokea, sisi tumo darasani tunapanga viti. Mwalimu mkuu aliitwa akasemwa vibaya. Mara hii alinirudia mpaka nikachoka: "Gari likisimama tu, mwalimu, wewe uwe getini." Nami nilijitayarisha, nisiseme uongo. Nilinunua viatu vipya na mtandio wa kufanana navyo.

Mgeni aliahidi kufika saa mbili. Saa nne hayupo. Jua linawaka, mtoto wa kiti cha magurudumu kalowa jasho, viziwi waliokuwa waanze mbio zao kwa kibendera chekundu wameshamaliza biskuti za zawadi. Nikapandwa na hasira. "Tunaanza!" nikasema, kwa sauti ili kina mama wanisikie. "Akija atatukuta." Wakanipigia makofi, kichwa kikavimba.

Tukaanza na msichana wangu. Nikawaomba watu wote wanyamaze ili anisikie, na wallahi walinyamaza. Hata wale ambao mtoto akikimbia lazima wapige vigelegele waliziba midomo kwa viganja. Mama yake alikaa mbele, kwenye mkeka, kauma pembe ya kanga.

Akatoka. "Njoo, njoo, njoo!" Alikimbia vizuri kuliko siku zote. Alishapita nusu ya uwanja pale honi ilipolia getini. Gari jeupe. Nikamwona mwalimu mkuu kanitolea macho, mkono wake unanipungia: njoo wewe.

Nikafunga mdomo, nikageuka, nikaenda.

Hakuna aliyenivuta. Sikumwambia hata mwalimu mwenzangu aendelee kuita. Sikwenda hata polepole, nilikimbilia getini, tabasamu nimeshaliweka tayari na sauti nimeishusha kwa adabu. "Karibu sana mheshimiwa, tulikuwa tunakusubiri wewe tu!" Nilikuwa nimeinama, mkono wake nimeushika kwa mikono yangu miwili, niliposikia mwanamke nyuma yangu akipiga ukelele, "Yaa Rabbi!"

Nyuma ya ule mstari wa chokaa majirani walikuwa wameanika karafuu kwenye majamvi, ulikuwa msimu. Alipita pale nilipotakiwa kuwapo, akaendelea, mguu ukanasa kwenye jamvi, akaanguka kifudifudi. Nilimkuta ana karafuu nywele nzima na kidevu kimepasuka. Hakuna aliyemcheka. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Mama yake alikuwa ameshafika, kamkalisha.

"Mwalimu wangu yuko wapi?" mtoto aliuliza.

"Nipo, mwanangu."

Akanyoosha mkono, akanipapasa bega, akanipapasa uso. "Umeumia?" Ananiuliza mimi, naye damu inamchuruzika! "Sauti yako ilikatika ghafla, nikajua umeanguka. Ndipo nikaongeza mbio. Nikasikia harufu ya karafuu, nikajua nimeshapita, lakini nikasema labda umeangukia huku."

Mama yake aliinua macho, akanitazama, akangoja. Maneno yalikuwa machache tu: nilikwenda kumpokea mgeni. Mtoto wa miaka kumi na moja angeyaelewa, pengine angenisamehe palepale. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa la kusema, ukasema, "Nilipata kizunguzungu, mwanangu. Jua hili."

Mama akainamisha kichwa, akaanza kumfuta damu kwa kanga. "Mpe pole mwalimu wako," akasema.

"Pole, mwalimu."

Mgeni rasmi alihutubia. Alinishukuru mbele ya watu kwa moyo wangu wa huruma, nami nikasimama na viatu vyangu vipya nikapokea makofi. Ningekuwa na haya hata chembe, ningeondoka uwanjani.

Mtoto hajakimbia tena. Mama yake hajamkataza kwa mdomo. Nikimgusia habari ya michezo hunitazama kwa upole na kuniuliza, "Na afya yako hiyo, mwalimu, utaweza?" Najua anachokijua, naye anajua kwamba najua, na mpaka leo hajamwambia mwanawe. Kila nikikutana na mama huyo njiani nasema moyoni, leo nitamwambia mtoto mwenyewe. Kisha nafika darasani, naulizwa, "Mwalimu, kizunguzungu kimekuacha?" na mimi najibu, "Alhamdulillahi."

Kovu la kidevuni limebaki. Na darasani siku hizi siwezi kunyamaza. Nikigeukia ubaoni kuandika, au nikisita tu kumeza mate, nasikia dawati linasukumwa nyuma yangu. Ameshasimama, mikono mbele, anakuja kunishika nisianguke.