Abee, Mwalimu

Hadi leo sikuwa nimemwambia mtu ila dada yangu: mimi, nisiyeinua mkono darasani, kila jioni nasoma chuo kikuu.

Chuo chenyewe kiko jikoni kwetu, mtaani Junda.

Dada yangu ndiye mwanafunzi wa kweli. Mhadhiri wao hurekodi vipindi kama podikasti, naye dada hunitumia.

Leo nilikuwa nakuna nazi, nyaya za simu masikioni. Somo lilikuwa mwezi na bahari. Ile sauti ya taratibu ilikuwa imeshanichukua mbali.

Mara ikasema, "Haya, Mwanaisha, maji hujaa kwa nini?"

"Abee," nikaitika. Kwa sauti.

(Mwanaisha ni mimi. Kumbe na darasani kwao yuko mwingine. Msinicheke.)

Bibi yangu, aliyeketi kando, akaacha kupeta mchele. "Nani kakuita? Usimwitikie usiyemwona."

Ikabidi nieleze yote. Nikangoja acheke, au aichukue simu.

"Mwalimu kakuita, umeitika, kisha kimya?" akasema. "Adabu gani hiyo, mwanangu? Mjibu."

Nikapangusa mikono, nikachomoa nyaya, nikairudisha rekodi nyuma kidogo. Mwalimu akauliza tena, jikoni kote kukasikika.

Nikasimama, nikajibu kwamba mwezi huyavuta maji. Kisha nikaketi, nikamalizia nazi.