Utani Niliompelekea Shemeji Mkutanoni

Mwanangu, kaa hapa. Wewe bado mdogo, nami sijazeeka, ndevu zenyewe bado nazibembeleza ziote, lakini ipo siku moja pale kwetu Puge, nikiikumbuka natamani nijifunike gunia.

Mama yako mkubwa Tatu, mke wa kaka yangu, aliomba chama kimpitishe agombee udiwani. Kwangu ni shemeji, na sisi Wanyamwezi shemeji ni mtani. Nyumbani tulitaniana kutwa, na mara nyingi alinishinda.

Wakati huo kaka amelazwa hospitali ya Kitete. Shemeji aliuza mpunga wa akiba, hela yote ikaishia hospitali na kwenye ada za watoto. Wagombea wenzake wanapanda bodaboda kuwazungukia wajumbe wa chama, wapiga kura wenyewe, yeye anakwenda kwa miguu, mtoto mgongoni. Tena kabla hajatoka anatupikia, na mimi domo kubwa nimo.

Siku ya kura za maoni alifika amechelewa, anatoka kumlisha kaka. Akasimama kujieleza, kanga ina doa la uji. Mimi nikaropoka kutoka nyuma:

"Shemeji, uji umemaliza kukoroga? Sasa kata nzima utaikorogea saa ngapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kichwa kikanivimba. Nikamsubiri anijibu kama kawaida yake. Akalikunja pindo la kanga, akalificha lile doa. Msimamizi akamwambia, "Muda umekwisha, mama."

Hakupita.

Jioni bibi yako akanikuta nakula. Wala hakupaza sauti.

"Wewe, hapa nyumbani angekujibu ukakosa pa kukaa. Wale wajumbe ni watani wake? Angekujibu kule, wangesema mwanamke gani huyu hana adabu. Umemziba mdomo mbele za watu. Na huo ugali kausonga nani?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Shemeji akasema kutoka jikoni, taratibu, "Mama, mwache ashibe. Kesho akakae na kaka yake, mimi nikapalilie."

Mwanangu, hospitali nilikuwa sijakanyaga hata mara moja.

Basi nakwambia: mwanamke wa kwenu akigombea, usimuulize nani atapika. Pika wewe. Shika mtoto, nenda kamuuguze mgonjwa, mchangie nauli ya kufika kwa watu. Utani ukikuwasha, msubiri arudi nyumbani, akurudishie mpaka ujute.

Mungu akupe mikono miepesi ya kazi, mwanangu. Mdomo asikuongezee, huu wa ukoo wetu unatosha.